Mwanangu, Stagg hakuwa na timu mbili za msimu mmoja

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi hapa hatujambo, na goti la mama yako limetulia tangu mvua zikatike. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema chuo chako kinataka uchukue na timu ya mpira wa Kimarekani juu ya kikapu unachosaidia kufundisha sasa, na mkuu wako amekwambia makocha wa zamani wote walifanya hivyo. Ndiyo maana unaniuliza: Amos Alonzo Stagg aliwezaje kushika michezo miwili pale Chuo Kikuu cha Chicago?

Nianze kwa kumsahihisha mkuu wako. Stagg alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani pale kuanzia 1892 hadi 1932. Kikapu alikishika kama kocha mkuu msimu wa 1920–21. Miaka Chicago ilipotamba kwa kikapu, 1907 hadi 1910, timu ilikuwa mikononi mwa Joseph Raycroft, ambaye alikuwa daktari. Michezo ambayo Stagg aliiongeza kwa miaka mingi ni riadha na besiboli, na hiyo iliwezekana kwa sababu ya kalenda. Mpira wa Kimarekani ulianza Septemba ukaisha mwishoni mwa Novemba, siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani. Besiboli na riadha za nje zilisubiri theluji iyeyuke. Kikapu nacho siku hizo kilikuwa cha baada ya Krismasi hasa. Leo mechi za kikapu cha vyuo zinaanza mwanzoni mwa Novemba, na mazoezi yake yanaanza wiki kadhaa kabla, wakati timu ile nyingine iko katikati ya vita. Wiki hizo utazigawaje? Jumamosi uko uwanjani, Jumapili unatazama video za mechi, na vijana wa kikapu wanafundishwa na nani? Muulize hilo.

Lakini usidhani kikapu kilikuwa kigeni kwake. Alikuwepo kikiwa bado kichanga. James Naismith, mwanzilishi wa mchezo huo, alipotundika vikapu vya matunda chuoni pale Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, urefu wa futi kumi kutoka sakafuni, Stagg alikuwa mwalimu pale pale, na Naismith alikuwa mchezaji katika timu yake ya mpira wa Kimarekani. Machi 1892 walimu wakacheza na wanafunzi mbele ya watazamaji wapatao 200. Wanafunzi walishinda 5–1, na bao hilo moja la walimu alifunga Stagg. Nalipenda bao hilo kuliko ushindi wake mwingi. Gazeti la mji liliandika kwamba mazoea ya mpira wa Kimarekani yalimponza, kila mara akiwasukuma wapinzani na kupewa faulo. Na ndipo ilipo shida utakayokutana nayo ukichukua timu zote mbili. Kijana wa mstari wa mbele amefundishwa kushusha nyonga, kupeleka mikono kifuani kwa mpinzani na kusukuma mpaka filimbi ilie. Mlete kwenye kikapu, miguu yake itachelewa, na miguu ikichelewa mikono hutangulia. Faulo tatu kabla ya mapumziko. Dawa yake si kumkemea. Wiki ya kwanza asiguse mpira kabisa: mshikishe taulo nyuma ya shingo kwa mikono yote miwili, umfundishe kuteleza kwa ubavu kutoka mstari hadi mstari, mguu usivuke mguu. Wiki ya pili mpe mtu wa kumkaba, taulo bado shingoni. Ukiharakisha hapo, utamlipa refa msimu mzima.

Kisha Stagg akaeneza kikapu bila kukifundisha kila siku. Mwaka 1896 vijana wa Chicago walikwenda Iowa City, kwa rafiki yake wa Springfield aitwaye Kallenberg, wakacheza watano kwa watano na kushinda 15–12, wakati kwingine bado walikuwa wakijaza tisa kila upande. Kuanzia 1917 alikaribisha Chicago mashindano ya kikapu ya shule za sekondari za nchi nzima, yakaendelea hadi 1930. Alijenga nyumba, akawaachia wengine vyumba. Hilo ndilo jibu la swali lako, na ningeweza kuishia hapo.

Ila siwezi, kwa sababu nikimtaja Stagg narudi kwenye alasiri moja ya Novemba 1905. Unajua ninavyoisema, umeshanisikia mezani. Timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, ilikuwa imecheza mechi 56 bila kufungwa tangu 1901. Walikuja Chicago siku ya Shukrani, na zaidi ya watu 25,000 wakajaa uwanjani. Kumbuka sheria za mwaka ule: timu ilipewa majaribio matatu kusogeza mpira yadi tano, pasi ya mbele bado marufuku, kwa hiyo mechi ilikuwa miili kugongana katikati, na silaha kubwa ilikuwa kuupiga mpira mbali kwa mguu ili mwenzio aanzie karibu na goli lake. Kwa hilo Chicago walikuwa na Walter Eckersall, kijana mdogo wa umbo.

Kipindi cha pili, bado 0–0, Eckersall akaupiga, mpira ukamfuata Denny Clark wa Michigan nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe. Angeudaka na kupiga goti, pasingekuwa na pointi, mpira ungetolewa mbele na mechi ikaendelea. Clark akachomoka nao. Alivuka mstari, akakutana na Badenoch wa Chicago, kisha mwenzake Catlin, nao wakamrudisha nyuma wakamwangusha ndani ya eneo la goli. Pointi mbili kwa Chicago. Leo refa angehesabu pale mbele alipofika kabla ya kusukumwa, na Chicago wasingepata kitu. Mwaka 1905 mwenye mpira alihesabiwa pale alipoanguka, hata akibebwa kama gunia. Mechi ikaisha 2–0.

Kila mtu anasimulia hiyo kama siku kuu ya Stagg, na ni kweli. Mimi humwangalia Clark. Magazeti yalimlaumu kwa jina lake. Mwaka 1932 alijitoa uhai, na waandishi wakaukumbuka tena mchezo ule, miaka 27 imepita. Sisemi ule mpira ndio uliomuua. Moyo wa mtu una mengi. Nasema kijana yule alichukua uamuzi wa sekunde moja na wakubwa wakamwacha aubebe peke yake.

Na Eckersall, shujaa wa siku hiyo? Hakuhitimu. Alicheza misimu minne, kisha chuo na yeye wakaachana. Baadaye aliandika habari za michezo na kuchezesha mechi, akafa 1930.

Unajua nisemavyo: kocha ni mwalimu kwanza. Nimelisema mbele yako tangu ukiwa unaokota mipira nyuma ya goli. Stagg mwenyewe ndiye mfano wangu wa hilo. Alisomea uchungaji pale Chuo Kikuu cha Yale, akaona hana ulimi wa mimbari, akaamua kufundisha maadili kwa mchezo. William Rainey Harper, rais wa chuo, alipomwita Chicago hakumpa mkataba wa msimu. Alimpa uprofesa mshiriki na idara ya kuongoza, kazi ya kudumu. Mwaka wa kwanza wachezaji hawakutosha, akavaa jezi akacheza nao. Na kule Yale alikuwa tayari amekunja godoro akalitundika ili vijana wajifunze kukaba bila kuvunjana mbavu. Huyo ni mwalimu, sivyo?

Basi Eckersall namweka wapi? Hapo hoja yangu hunigeuka. Nafasi ile ya kudumu ilimlinda Stagg akafundisha bila kuhofia kufukuzwa kwa kufungwa mechi mbili, lakini pia ilimfanya asiwe na mtu wa kumwambia kwamba mchezaji wake bora hasomi. Mama yako hunijibu kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi lazima ampoteze mmoja. Labda. Lakini huyu hakupotea darasani nyuma, alikuwa mbele ya macho ya mji mzima. Hata hivyo sitabadili msemo wangu. Kocha ni mwalimu kwanza, na kushindwa kwa Stagg kwa Eckersall ni kushindwa kwa mwalimu. Kocha mtupu asingelaumiwa kwa hilo.

Mwisho wake Chicago unaujua. Alipofika miaka 70, chini ya rais wa chuo Robert Maynard Hutchins, alistaafishwa kwa kanuni ya umri. Alipewa kazi nyingine akaikataa, akaenda College of the Pacific, Stockton, California, akafundisha misimu 14. Baada ya hapo alimsaidia mwanawe kule Susquehanna, Pennsylvania, hadi 1952, kisha akarudi Stockton kufundisha upigaji mpira kwa mguu akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki Machi 1965, ana miaka 102. Chicago nao walifungwa 85–0 na Michigan mwaka 1939 na mwisho wa mwaka huo wakaufuta mpira wa Kimarekani.

Sasa mama yako anataka nikwambie ukubali, kwa sababu ya mshahara. Mimi nina neno langu na limenikaa kooni tangu barua yako ifike, lakini wewe ndiye utakayeamka saa kumi na moja alfajiri ya baridi kule. Nitumie kwanza nakala ya mkataba, hasa ukurasa unaotaja cheo. Nataka kuona kama wamekuandika mwalimu wa idara fulani au kocha wa msimu, nani atakayeshika kikapu katika zile wiki za Oktoba na Novemba, na nani anayefuatilia masomo ya wachezaji. Kama hakuna jina mbele ya hilo la tatu, niandikie kabla hujatia sahihi.

Baba yako