Namba tano wa League Two: niliyoyajua nimechelewa

Mdogo wangu, kama umesaini mkataba wako wa kwanza wa kucheza beki kwenye madaraja ya chini ya Uingereza, hongera. Sasa nisikilize kidogo kabla hujaenda kununua gari.

Nimecheza namba tano, yaani beki wa kati, misimu 11, kati ya League Two (daraja la nne la Uingereza) na National League (la tano). Kwetu Tanga hadi leo wapo wanaoniuliza ni lini nitacheza na Arsenal. (Mjomba mmoja anaamini nilishacheza, na nimechoka kumbishia.) Kitu ambacho hakuna aliyenieleza mapema ni kwamba kocha wa kule chini anamtafuta beki ambaye Jumamosi yupo, Jumanne yupo, na Jumamosi inayofuata yupo tena.

Piga hesabu. Ligi ina timu 24, kwa hiyo ni mechi 46. Kuna FA Cup, kuna Carabao Cup (kombe la ligi), na kombe la EFL, wasimamizi wa madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu, lenye makundi. Hata mkitolewa mapema kila mahali, mmecheza mechi 51, na kocha ana mabeki wa kati wanne tu, pengine watatu. Ukikosekana wiki mbili anaumia, na asipoumia umeumia wewe. Kadi tano za njano hadi mechi ya 19 ya ligi zinakukosesha mechi moja, na kumi hadi mechi ya 37 zinakukosesha mbili. Msimu wangu wa pili nilipata ya tano mwezi Oktoba kwa kumlalamikia mwamuzi juu ya mpira wa kurusha, tena katikati ya uwanja, tukiwa tunaongoza 2-0. Kijana aliyeingia nafasi yangu akaupiga mwingi. Nilirudi kikosi cha kwanza Januari.

Tuje kwenye mpira wenyewe. Akademi wamekufundisha kuanzisha mashambulizi kutoka nyuma, sawa, usiache. Lakini itafika Jumanne usiku, mvua inapiga ubavuni, na beki wao wa kulia anaufuta mpira kwa taulo ili aurushe hadi kwenye boksi. Straika wao, mtu mzima wa miaka 34, anakuja kusimama mbele yako. Kwanza atakukanyaga vidole, taratibu, kama bahati mbaya. Achana naye. Kunja kiwiko, mkono uguse mgongo wake ujue alipo bila kumtazama, usimame ubavu ili mpira na yeye uwaone kwa pamoja, halafu uwe wa kwanza kuruka. Ukisubiri mpira uanze kushuka umekwisha, maana huyo wala haruki, anakuegemea tu na miguu yako hainyanyuki. Mpira wa kichwa uupige juu na pembeni. Mpira ukikaa hewani, wenzako wanapata muda wa kutoka kwenye boksi.

Na upige kelele. Hapa ndipo malezi yalinigharimu. Nimelelewa kwamba mtoto hapazi sauti mbele ya wakubwa, na golikipa wetu alikuwa na miaka 36. Msimu mzima nilikuwa namwambia "samahani, toka" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na tulifungwa mabao mawili ya hivyo hivyo, mimi na yeye tukitazamana. Mfokee. Mkishaoga mpelekee chai, yataisha.

Kupelekwa kwa mkopo klabu nyingine kusikutie unyonge. Haji Mnoga, mtoto wa Portsmouth mwenye asili ya Tanzania, aliingia timu ya wakubwa ya klabu hiyo mwaka 2018 akiwa na miaka 16. Baadaye akapelekwa kwa mkopo Bromley, Weymouth, Gillingham na Aldershot kabla ya kuhamia Salford City. Ni katika kuzunguka huko ndipo Taifa Stars ikampata, akaenda nayo AFCON ya Ivory Coast. Angebaki Portsmouth anapasha misuli kila Jumamosi, sijui nani angemwona.

Wala usihesabu miaka kwa pupa. Graham Alexander, aliyecheza sana beki wa kulia, alianzia Scunthorpe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ligi Kuu aliionja kwa mara ya kwanza Agosti 2009 na Burnley, ana miaka 37. Alistaafu akiwa amevuka mechi 1,000.

Mimi mwili sikuutunza hivyo. Mkataba wangu wa pili ulikuwa unaisha 30 Juni, kama ilivyo mikataba mingi. Machi nyama za paja zikaanza kuvuta, nikamficha daktari wa timu kwa hofu ya kupoteza namba. Nikacheza mechi mbili hivyo hivyo. Ya tatu paja lilichanika dakika ya 20, nikatolewa kwa machela. Mei nikaitwa ofisini kwa kocha. Hatukufika dakika nne. Alinishukuru, akanitakia heri, kisha akaniuliza kama kadi ya kuegeshea gari ninayo mfukoni au iko nyumbani.

Kwa hiyo jiunge na PFA, chama cha wachezaji kilichoanzishwa Manchester mwaka 1907, na uwaulize kuhusu mkataba kabla hujasaini. Kipengele cha mwaka wa ziada ukisome mara mbili: hiari hiyo mara nyingi ni ya klabu, si yako. Kozi za ukocha uanze mapema, ungali unacheza.

Kwa ndugu zangu mlioko Dar au Mombasa ambao hamna pasipoti ya Uingereza: tangu 2021 kibali cha kazi kinakwenda kwa pointi, na mechi za timu ya taifa pamoja na ubora wa ligi unayotoka vinahesabiwa. Wakala anayekuomba hela ili "akuingize" klabu ya League Two, mzime simu.

Wewe uliyeachwa Mei, simu yako usiizime. Julai namba usiyoijua itakupigia, kocha ana beki aliyeumia na anakutaka kwa majaribio keshokutwa. Uliza mambo matatu: nani analipia malazi, nani anakutibu ukiumia kwenye majaribio, na pacha wako pale kati anatumia mguu gani.