Usimpe mteja bei kabla hujasoma klasi za kitufe

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Unasema vitufe vya tovuti ya mteja vinatoa wimbi ukivigusa, kwa hiyo ni MUI (maktaba ya vipengele, yaani vitufe, menyu na kadhalika vilivyokwisha kuandikwa), na sasa unauliza umtoze ngapi na tovuti uihifadhi wapi. Hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Mwaka jana, hapa Kamalondo, Lubumbashi, patroni mmoja muuza vipuri vya malori alitaka ukurasa wa oda wa kuunganishwa na tovuti yake. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp. Bwana mmoja anayejiita injinia (cheti chake hatujakiona mpaka leo) akajibu kabla sijaweka simu chini: "Hiyo MUI, angalia wimbi." Picha, jamani! Wimbi aliliona wapi kwenye picha? Nami nikamwamini. Nikanunua templeti kwa dola, nikaandika React wiki tatu, usiku tupu, maana mchana umeme ulikuwa mgeni. Bukari (ugali wetu) ilipoa kando ya laptopu mpaka ikawa tofali.

Siku ya kukabidhi, kijana anayetunza tovuti akabonyeza kulia kwenye kitufe cha "Commander", akachagua "Inspecter", akanigeuzia skrini nione klasi, yaani majina yaliyomo kwenye msimbo wa kitufe: v-btn, na ndani yake v-btn__content. Vuetify! Hiyo ni ya Vue, MUI ni ya React, mifumo miwili tofauti ya kujengea kurasa. Kazi yangu haikuwa na pa kuingilia. Kijana hakucheka, na afadhali angecheka. Patroni akanipa nauli ya teksi. Nauli! Angalau sikurudi kwa miguu.

Wimbi lile asili yake ni Material Design, mwongozo wa usanifu wa Google. MUI, Vuetify na Angular Material zote zinalo. Injinia nilipomweleza alinitumia kikaragosi cha kucheka. Bado yumo kundini, bado anashauri watu.

F12 kwanza (inafungua zana za kukagua msimbo wa ukurasa), mdogo wangu, bei baadaye. Ukikuta MuiButton-root, hiyo MUI. ant-btn ni Ant Design, chakra-button ni Chakra. btn btn-primary wengi watakuambia Bootstrap, lakini daisyUI nayo hutumia majina hayo hayo, kwa hiyo chungulia na faili za CSS zinazopakiwa. Ukiona msururu wa px-4 py-2 rounded-md, hiyo ni Tailwind, ambayo si maktaba ya vipengele bali klasi ndogo ndogo za mitindo. Hapo fungua menyu utafute sifa zinazoanza na data-radix, huenda ni shadcn/ui, ambayo msimbo wake hunakiliwa moja kwa moja ndani ya mradi. Na usiishie kwenye kitufe kimoja: kalenda ya kuchagulia tarehe mara nyingi imeazimwa kwingine kabisa.

Kabla hujampigia huyo mteja, nakili hapa mstari wa kile kitufe. Mstari, si picha.