Siri ya aina gani? Kwa mnaoanza kazi ya dodoso Kisumu

Wiki yangu ya pili kazini nilimpigia simu mama mmoja wa Nyalenda ambaye nilikuwa nimemhoji siku chache kabla. Kulikuwa na swali lililorukwa, na supavaisa alitaka lijazwe kabla ya jioni. Nikamsalimia kwa jina lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyathina (mwanangu), si ulinisomea kwamba mambo yangu ni siri? Sasa jina langu umelitoa wapi?"

Kweli nilimsomea. Fomu ilisema "majibu yako yatakuwa siri", na aliyeifasiri sentensi hiyo ni mimi. Kiingereza chake kilikuwa "confidential". Mama alielewa "anonymous". Katika maongezi ya kila siku yote mawili tunayaita siri na maisha yanaendelea, lakini kwenye fomu ya idhini hizo ni ahadi mbili mbalimbali. "Anonymous" ni kwamba jina halikuchukuliwa tangu mwanzo. Hata mtafiti mwenyewe akitaka kukutafuta hakupati. "Confidential", jina lipo na namba ya simu ipo, zimefungiwa kwenye kabati au kwenye kompyuta yenye nywila, na wachache wanaozijua wamekatazwa kuzitoa. Ukimwahidi mtu ile ya kwanza kisha ukamwita kwa jina kwenye simu, akikasirika hajakosea. Siku hizi naandika hivi: "Jina lako tutaliandika, lakini hataonyeshwa mtu yeyote asiyefanya kazi ya utafiti huu." Ni ndefu, najua, na wakubwa wanaopenda fomu ya ukurasa mmoja hulalamika. Walalamike.

Makosa yangu mengi yalikuwa ya namna hiyo, na si kwamba sikuwa na kamusi. Kamusi hukupa neno ulilolitafuta. Haikuonyeshi neno jirani ambalo mwandishi wa swali alilijua, akaliacha. Kwa hiyo nikikutana na neno zito, kwanza najiuliza: kwa nini hakuandika lile lingine?

"Treat" na "cure", kwa mfano. Kamusi itakupa kutibu na kuponya, nawe utadhani umemaliza. Lakini sokoni Kibuye mtu akiambiwa dawa inatibu ugonjwa fulani, anachosikia ni kwamba inaumaliza. Dawa za ARV, zile za virusi vya UKIMWI, hutibu. Zinashusha virusi mpaka mtu anaishi miaka yake vizuri, anazaa, anazeeka, ila haziviondoi mwilini, na akiziacha vinarudi. Fomu ikisema "treatment" na inahusu ARV, ukiandika "matibabu" ukanyamaza, kuna atakayemeza dawa miezi sita akajiona yuko sawa, akaacha. Ongeza maneno machache: dawa hizi hutumiwa maisha yote. Malaria ni kinyume chake. Vidonge vyake vya kawaida ni vya siku tatu, na ukivimaliza vyote ilivyoagizwa, unatarajiwa kupona.

Halafu kuna homa. Huku kwetu kando ya ziwa, mtu akisema "nina homa" huenda ana joto mwilini, ana mafua, au ana malaria yenyewe, na mara nyingi anakusudia hiyo ya mwisho. Kiingereza kina "fever", "flu" na "malaria", kila moja na lake. Swali la "fever" katika wiki mbili zilizopita linauliza joto la mwili tu. Ukiuliza kama mtoto alikuwa na homa, mama aliyempeleka zahanati akapimwa na kuambiwa hana malaria anaweza kukujibu hapana, ingawa mtoto alichemka usiku kucha. Mimi huuliza kama mwili wa mtoto ulikuwa moto.

Lililonitoa jasho kuliko yote ni "household". Usilifasiri familia, wala nyumba; neno lake ni kaya. Ingia kwenye boma la Wajaluo, lile wanaloita dala, uone mwenyewe. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Kijana ambaye hajaoa analala kwenye simba yake, yaani kijumba chake, karibu na lango, lakini chakula anakula kwa mama yake. Mwana mwingine ameoa, na mkewe sasa anapika kwake. Familia ni moja, lango ni moja, nyumba ni nne. Je, kaya ni ngapi? Kwenye hesabu zetu kaya ni watu wanaopika na kula pamoja na kumtambua mkuu mmoja, hata kama hawalali chini ya paa moja. Kwa hiyo simba ya kijana si kaya. Kijana anahesabiwa kwa mama yake. Mwana aliyeoa ni kaya nyingine. Na mzee? Huyo huhesabiwa mara moja tu, na mwongozo wa mradi wako ndio utakaosema ni kwa mke yupi. Uusome kabla hujapanda boda, maana ukimhesabu kwa wote wawili boma linapata mzee wa ziada. Ninachouliza mlangoni ni, "Hapa mnapika chungu kimoja?" Hakuna aliyewahi kushindwa kunielewa.

Msichoke kwa kila jozi, lakini. Waingereza walitawaliwa na Wanormani tangu 1066, na lugha yao ikabaki na maneno ya nyumbani na maneno ya kigeni yakiishi pamoja: mfugaji ana "cow" na "pig", mezani zinaitwa "beef" na "pork". Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, basi. Wanaoandika fomu hupenda yale yaliyovaa suti, wakaandika "commence" mahali pa "begin" na "reside" mahali pa "live". Andika kuanza, andika kuishi, uende zako.

Na kuna siku Kiswahili ndicho chenye macho makali. "Borrow" ya Kiingereza inabeba kukopa na kuazima. Mwanamke wa Kibuye ukimuuliza kama amekopa kitu mwezi huu, atawaza pesa na chama chake, akujibu hapana, na huku mizani anayopimia omena ni ya jirani. Hajasema uongo. Mizani ameiazima, na itarudi ileile. Kama fomu inataka yote mawili, uliza yote mawili.

Hilo nililijua kwa kichwa tu, hadi tulipopelekwa Ahero kwenye mashamba ya umwagiliaji. Swali lilikuwa kama kuna "rice" nyumbani, nasi tukaandika, "Je, una mchele nyumbani?" Mzee mmoja akajibu hana. Nikabonyeza sifuri kwenye tableti. Nilipoinua macho nikaona nyuma yake magunia yaliyopangwa ukutani, yamekaribia kugusa mabati.

"Mzee, na haya je?"

"Huo ni mpunga, kijana. Wewe umeniuliza mchele."

Hiyo ilikuwa nyumba ya tisa siku ile. Zile nane za kwanza zote nilikuwa nimeziandikia sifuri. Nikafunga tableti, nikamuomba mzee maji ya kunywa, nikaanza kurudi nyumba kwa nyumba, jua likiwa utosini.