Muulize Mama Saketi: Graundi usiiachie otoruta

*Shikamoo Mama Saketi. Nimechora bodi yangu ya kwanza ya saketi, ya tabaka mbili za shaba, kwa programu ya KiCad, milimita 100 kwa 80. Ina mikrokontrola ya volti 5, kihisi cha joto cha LM35, na draiva ya mota ya feni inayokula miliampia 400. Miunganiko ilikuwa mingi, kwa hiyo niliipeleka kazi kwenye Freerouting, otoruta, yaani programu inayochora njia za shaba yenyewe. Ilichora kila kitu, asilimia mia, na kikaguzi cha KiCad hakikuona kosa hata moja. Bodi zimekuja, nimechomelea vifaa, programu inakwenda. Lakini mota ikianza tu, kipimo cha joto kinapanda nyuzi tisa au kumi hapohapo, na ikizimwa kinashuka. Nimebadilisha kihisi, nimebadilisha hata mota, tabia ni ileile. Picha ya bodi nimeambatisha. Njia zote zina upana wa milimita 0.25. Tatizo ni programu yangu au kihisi?*
*— Mwanafunzi wa umeme, mwaka wa tatu*

Marahaba, mwanangu. Kihisi ni kizima na programu yako haina kesi ya kujibu. Nimeifuata kwa kidole kwenye picha neti yako ya GND, yaani muunganiko wa graundi, ambao umeme hurudia kwenye chanzo. Inatoka kwenye kiunganishi cha umeme, inaingia mikrokontrola, inazunguka kristali, inazama chini kwa via (tundu lenye shaba linalounganisha tabaka), inatambaa ukingoni mwa bodi, inaibuka kwenye kihisi, kisha inamalizikia kwenye draiva ya mota. Maana yake ni kwamba umeme wote wa mota, ukishafanya kazi yake, unarudi nyumbani kwa kupita kwenye graundi ya kihisi na ya mikrokontrola.

Chukua kalamu tupige hesabu. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35, na kipande chochote cha mraba cha shaba hiyo, kiwe kikubwa au kidogo, kina ukinzani wa karibu nusu miliomu. Kutoka kihisi hadi mikrokontrola njia yako ina urefu wa kama milimita 120. Gawa kwa upana wa 0.25, unapata miraba 480, yaani omu 0.24. Pitisha humo miliampia 400 na graundi ya kihisi inakuwa juu ya graundi ya mikrokontrola kwa milivolti 96. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Sasa umejua zile nyuzi tisa au kumi zinatoka wapi.

Na hapo tumehesabu umeme uliotulia tu. Njia nyembamba ina pia induktansi, yaani hali ya kupinga umeme unaobadilika ghafla, takriban nanohenri moja kwa kila milimita ukikadiria kwa haraka. Pini ya mikrokontrola ikibadilisha miliampia 20 ndani ya nanosekunde 5, kwenye njia ya nanohenri 100 unapata mruko wa volti 0.4. Leo bodi yako haijalalamikia hilo kwa sababu mambo yake ni ya polepole. Siku ukiweka redio au kadi ya kumbukumbu utaliona.

Kwa nini otoruta ikachora hivyo? Kwa sababu ndivyo ulivyoiomba. Programu hizi zina asili yake katika mbinu aliyoichapisha C. Y. Lee mwaka 1961: anzia pedi moja (kituo cha shaba ambapo pini huchomelewa), sambaa mraba kwa mraba hadi ufike pedi nyingine, kisha rudi kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Mbinu za leo zimeongezewa mengi. Zinahesabu via, zinang'oa njia iliyozuia na kuichora upya, zinapendelea mwelekeo fulani kwa kila tabaka. Lakini swali linabaki lilelile: je, pedi hizi zimeungana? GND kwake ni neti yenye pedi nyingi kuliko nyingine, basi. Haijui kwamba mota inakula umeme mwingi na kihisi kinanong'ona kwa milivolti. Kikaguzi nacho kinauliza kama zimeungana na kama nafasi kati ya shaba na shaba inatosha, ndiyo maana kilikupa alama zote. Mimi otoruta naitumia, na wanaoicheka niwaone wakichora pini mia mbili usiku mmoja. Graundi peke yake ndiyo siipi.

Utaratibu wangu huu hapa. Kwanza panga vifaa kabla ya kuchora hata njia moja: draiva ya mota iwe jirani na kiunganishi cha umeme, kihisi kiwe upande mwingine, mikrokontrola katikati. Ukipanga vizuri, nusu ya matatizo ya graundi yameisha na hujagusa shaba. Kisha tabaka la chini lote lifanye bamba moja la GND. Katika KiCad unachora eneo la shaba, unalipa neti ya GND, unabonyeza B ili lijae.

Baada ya hapo, kila pedi ya GND iliyo juu ichoree wewe mwenyewe kinjia kinene na kifupi, cha urefu wa milimita moja au mbili, kiishie kwenye via inayozama kwenye bamba. Kila kapasita ya nanofaradi 100 iwe na via yake, karibu kabisa na pedi. Usiwape kapasita wawili via moja kwa ubahili. Tundu la milimita 0.3 halikugharimu kitu. Ukimaliza, funga vinjia hivyo visisogezwe.

Sasa ndipo uite otoruta, lakini ukiwa na masharti mawili. Neti ya GND isiiguse, na tabaka la chini iwe ghali kulitumia, ili ibaki juu kadiri inavyoweza na izame chini pale tu inapobanwa. Programu nyingi za namna hii zina mahali pa kuweka gharama ya kila tabaka. Ukiacha mipangilio ya mwanzo, mara nyingi tabaka moja linakuwa la njia za kwenda kulia na kushoto, na jingine la njia za kupanda na kushuka. Bamba lako linakatwa vipande virefu mfano wa mkate.

Hapa wengi wanaponea kwa ujanja mmoja nisioupenda: wanaiacha otoruta ichore kila kitu pamoja na GND, halafu wanamwaga shaba juu yake. Ni bora kuliko ulivyofanya wewe. Ila zile njia za GND zimeshachukua nafasi ambayo ishara zingeitumia, zikazisukuma ishara kwenda chini, nazo zimelichana bamba. Ukirithi bodi ya namna hiyo, futa njia zote za GND, jaza upya, ndipo uangalie ni nini kimebaki bila kuungana.

Otoruta ikimaliza, kazi yako ya macho ndiyo inaanza. Jaza upya shaba, ficha kila kitu isipokuwa tabaka la chini, ulitazame lilivyo. Tafuta mipasuko. Njia ya ishara iliyozama chini milimita nane ikaibuka haina neno. Umeme unaorudi utaizunguka. Iliyolala chini kutoka ukingo hadi ukingo ni ukuta. Ishara ya haraka huwa umeme wake unarudi chini kwa chini, sambamba kabisa na njia iliyokuja nayo, kwa sababu huko ndiko induktansi ni ndogo. Ukiukatia njia, unazunguka mbali, kitanzi kinakua, na kitanzi kikubwa ni antena. Ihamishie ishara hiyo juu kwa mkono, hata kama ni kwa kupindapinda.

Mpasuko mwingine hauna njia ndani yake na hudanganya hata wazoefu: safu ya pini. Pini za kiunganishi cha kawaida zimeachana kwa milimita 2.54. Pedi ikiwa na kipenyo cha 1.7 na ukaliambia eneo la shaba lijitenge kwa 0.5 kila upande, unahitaji 2.7, nafasi ambayo haipo. Shaba haipiti kati ya pini, na safu ya pini ishirini inakuwa ufa wa sentimita tano. Punguza nafasi hiyo hadi 0.2, kama kiwanda chako kinakubali, na shaba ya milimita 0.44 itapita kila pengo. Safu ya via zilizobanana hufanya vilevile.

Juu pia jaza GND panapobaki wazi, na uishone kwa via kwenye bamba la chini. Kipande cha shaba kisichoungana na chochote kiondoe. KiCad inaweza kukuondolea yenyewe.

Bodi ulizonazo usizitupe. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba moja, uchomelee kutoka pini ya graundi ya draiva moja kwa moja hadi upande hasi wa kiunganishi cha umeme. Waya wa sentimita 15 hauna hata miliomu 3, kwa hiyo umeme wa mota karibu wote utapita huko na kukiacha kihisi kwa amani. Ukipima tena na bado kipimo kinaruka kwa zaidi ya nusu nyuzi, niandikie, maana hapo itakuwa ni jambo jingine.

*Habari za kazi, Mama. Nilikuwa nikichora graundi kwa njia za kawaida na kuchomelea kulikuwa rahisi. Nilipoanza kumwaga shaba pande zote mbili, pini za GND hazishiki risasi vizuri: inaganda kama donge, na nikishikilia pasi muda mrefu pedi inabanduka. Nirudi kwenye njia?*
*— Fundi wa redio*

Usirudi. Pedi yako imezama ndani ya shaba nzima, na shaba hiyo inaiba joto kabla risasi haijayeyuka. Kwenye mipangilio ya eneo la shaba chagua pedi ziungane kwa vijiti: pedi inazungukwa na pengo, na vijiti vinne vyembamba vya shaba vinaiunganisha na bamba. Vijiti vya milimita 0.5 vinatosha kwa pini nyingi. Baada ya kujaza, hakikisha vyote vinne vimetokea kweli, kwa sababu pini ikibanwa na njia za jirani huweza kubaki na kijiti kimoja, na bado kikaguzi kikanyamaza kama hakikuwekewa idadi ya vijiti inayotakiwa.

Usiweke vijiti kwenye pedi kubwa iliyo tumboni mwa draiva au regyuleta. Ile ipo kwa ajili ya kutoa joto. Iungane na shaba moja kwa moja, tena uitoboe via kadhaa zishushe joto tabaka la chini. Na nunua ncha pana ya pasi. Ncha ya sindano haiwezi kazi hii.

*Dada, salaam. Nimefanya umeme wa redio miaka mingi kabla ya hizi kompyuta. Sisi tulizoea kutenga graundi ya analogi na ya dijitali. Nimeligawa bamba la graundi vipande viwili, otoruta imepitisha njia juu ya pengo, na kelele imezidi. Niongeze pengo?*
*— Mzee wa valvu*

Kaka, liondoe pengo lenyewe. Ishara inayovuka pengo haina mahali pa kurudia chini yake, kwa hiyo inazunguka bodi nzima, na otoruta haijui kwamba kuna mpaka. Acha bamba moja, ila utenge vifaa: vya analogi kona moja, vya dijitali nyingine, na njia za dijitali zisikatize upande wa analogi. Kwenye programu chora eneo la kuzuia njia juu ya kona ya analogi, lakini usilipe katazo la shaba ya kujaza, ili otoruta ikae nje na bamba lipite. Kama kifaa fulani kinalazimisha kutenganisha, yaunganishe mabamba kwa daraja moja chini ya kifaa hicho, na kila njia inayovuka ivukie juu ya daraja hilohilo. Njia hizo chora kwa mkono.