Kebo ya USB ya printa haiendeshi CNC, usitume hela

Sheikh, ngoja kwanza! Uko Wete, umeunda CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchongea milango ya mninga, bodi yake ina tundu la pini 25, laptopu haina, na muuzaji wa Unguja kakwambia kebo ya USB kwenda paraleli, yaani tundu hilo la pini 25, "kazi ni ile ile".

Si ile ile hata kidogo. Hiyo ni kebo ya printa. Mimi ninazo mbili, moja tunaanikia nguo.

Mach3, programu ya kompyuta inayoendesha CNC, huandika moja kwa moja kwenye anwani ya poti (namba ya tundu hilo ndani ya kompyuta), aghalabu 0x378, mara 25,000 kwa sekunde, yaani kila maikrosekunde 40. Kebo ile haina anwani. Windows inaiona printa tu, na data hupita kwa mafungu. Ndiyo maana namba za X, mwendo wa kulia na kushoto, zitakimbia kwenye skrini na mota imelala fofofo. Hapo mtu hushuku draiva, kile kifaa kinacholisha mota umeme, anachomoa waya za mota umeme ungali umewaka, na draiva iliyokuwa nzima inaungua kweli. Ukimrudia muuzaji: "Seting hizo, bwana." Seting za nyoko!

Kama ushainunua, usiguse draiva. Chukua mita, volti za DC, waya mweusi pini 25, mwekundu pini 3 ikiwa ndiyo uliyoipa uelekeo wa X. Peleka X kulia, kisha kushoto: isome karibu 0 upande mmoja na karibu 5 upande wa pili, au 3.3 kwa baadhi ya mashine. Pini ya hatua usiipime hivyo, mapigo yake mafupi mno, mita haiyashiki. Isipobadilika, kosa liko upande wa kompyuta.

Tafuta kompyuta kuukuu ya mezani yenye tundu hilo kwenye bodi mama, kwenye BIOS (seting za mwanzo za kompyuta) tundu liwe hali ya EPP, Windows 7 ya biti 32. Kwenye biti 64 programu ya Mach3 ya kuendesha tundu la paraleli haifanyi kazi. Kadi ya PCI nayo hufaa, ila anwani yake si 378: isome Device Manager, sehemu ya Resources, uiandike kwenye Ports and Pins. Unang'ang'ania laptopu? Basi UC100, ambayo kwa sura ni kebo vilevile lakini mapigo inayatengeneza yenyewe ndani.

Ukiacha UC100, anwani kwanza, hela baadaye. Muuzaji akishindwa kukuonesha namba hiyo kwenye skrini, mwachie kebo yake. Ukishaipata, iandike hapa pamoja na volti za pini 3.