Jibu: Kichwa chauma nikishona kofia usiku

Salaam dadangu. Wasema kichwa kinaanza usiku ukishona kofia chini ya ile taa ya tyubu, macho yawasha, mchana huna neno. Kabla hujakimbilia miwani angalia taa, washa kamera ya simu uielekeze kwa tyubu, ukiona mistari myeusi inatembea basi inapepesa, yaani inawaka na kufifia upesi upesi. Stima yetu ni Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi taa hufifia mara mbili, kwa hivyo tyubu ya choki ya zamani (kile kifaa kizito cha kudhibiti stima ya taa) hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kichwa chaweza kusumbuka. Mimi hapa Langoni, Lamu, niliitoa nikaweka balbu ya LED, na ile ya kwanza ya bei rahisi nayo mistari tele, nikairudisha dukani! Taa iweke ubavuni isikupige usoni. Ikiwa bado chauma nenda kapimwe macho, mimi si daktari.