Sindano mpya, kijiko kilekile

SWALI: Sisi ni waelimisha rika watatu wa hapa Malindi. Kila Ijumaa tunapeleka sindano maskani, wanakokutana wanaojidunga unga (heroini), kila mtu anapata mbili. Wanatuapia kwamba hawaazimani sindano, nasi tunawaamini. Mbona tukipima bado tunakuta maambukizi mapya ya VVU?

JIBU: Waaminini, ila tazameni unga unavyogawanywa. Pesa haba, kwa hiyo wawili watatu huchanga wakanunua kete moja (kipakiti cha unga), wakaiyeyusha kwenye kijiko kimoja, kila mmoja akavuta fungu lake kwa kuhesabu mistari ya bomba la sindano. Akiwemo aliyekuja na bomba alilokwisha kulitumia asubuhi, akichovya mara moja tu damu yake imeingia kijikoni, na mwenye sindano mpya ataivuta. Pamba ya kuchujia nayo hunyonya damu hiyo. Angalieni pia chupa ya maji: yakiwa na wekundu hafifu, kuna waliosuuzia mabomba humo. Homa ya ini C hupita njia hiyohiyo, tena kwa wepesi kuliko VVU.

Basi kila mmoja apate kijiko chake, pamba safi na kichupa chake cha maji. Wafundisheni kugawa unga ungali mkavu. Ikishindikana, ugawanywe kwa bomba moja jipya kabla yeyote hajajidunga.

Kisha hesabu. Anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji sindano 21 kwa wiki. Mbili zenu zinaisha Ijumaa hiyohiyo. Msimwekee sharti la kurudisha moja ndipo apewe moja, maana wengi huogopa kukamatwa na polisi wakiwa nazo. Chagueni mabomba ya mililita 1 ambayo sindano yake haichomoki, kwani hubakiza damu kidogo zaidi. Mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hasikii somo: vifaa kwanza, mazungumzo baadaye. Na msimwite teja, hata akijiita mwenyewe.

Wanawake zungumzeni nao kando. Wapo wanaodungwa na wapenzi wao, tena baada ya mpenzi kujidunga kwanza, kwa sindano ileile.

Aliye tayari kuanza methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, msindikizeni hadi kliniki. Akiandikiwa rifampisini ya kifua kikuu, kliniki ijulishwe siku hiyohiyo: rifampisini hupunguza methadoni mwilini, arosto ikarudi, naye akarudia sindano.

SWALI: Nimechomwa na sindano nikifagia uchochoroni Kisauni. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka; usikamue kidonda wala usitie dawa ya kung'arishia nguo. Nenda kituo cha afya leo hii, uombe PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo. Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, kila saa ukiwahi ni heri, na humezwa kwa siku 28. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B. Sindano yenyewe iokotwe kwa koleo, bila kurudishiwa kifuniko, itiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki na kupelekwa kituoni.